Ua wa Ix Kukum

Mji wetu wa vilimani hauna mto wala kisima. Maji ni ya mvua inayotiririka kwenye ua wa chokaa na kuingia birika lililochimbwa chini ya ardhi. Likikauka, unahama. Ix Kukum, mjane mfinyanzi, alichangia ua na shemeji yake Ah Tok, kila mmoja na birika lake. Siku moja shemeji akausiliba upya, akauinamisha wote upande wa birika lake.

"Mwizi we! Mimi ninywe nini?"

"Mvua ni ya mungu Chaak, shemeji. Kamdai yeye."

"Shemeji yako bata mzinga!"

Mawingu yalikwisha kutanda. Ix Kukum akatwaa shoka la jiwe, akachimba mfereji katika chokaa mbichi mpaka birikani kwake. Mvua ikashuka, maji yakaingia meupe kama uji. Akaketi kando ya mfereji, shoka mapajani.

"Njoo ufukie," akasema.