Jiko la Pumba Mbele ya Baba Mkwe

Damiano, aliyesoma naye uchomeleaji, aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akijifanya mtahini, akavaa miwani ya kuchomelea, akakohoa kama mkubwa wa ofisi.

"Haya, mtahiniwa! Jina?"

"Conjesta Kibona."

"Unamsomea mgonjwa dua? Paza sauti! Hapa Tunduma tunashindana na honi za malori."

Conjesta akacheka, akaanza upya mazoezi ya mtihani wa kesho. Mbele yake lilisimama jiko alilolichomelea kwa mikono yake mwenyewe: pipa fupi, faneli la kumiminia pumba za mpunga kutoka Kamsamba, wavu chini yake, na bomba la moshi. Darasa zima la uchomeleaji msichana alikuwa yeye peke yake. Kwa miaka miwili alikuwa ameambiwa atapofuka, ameambiwa hataolewa kwa kunuka chuma. Mchumba akapatikana, Abrahamu wa kwao Ileje, na posa ikapokelewa Pasaka. Conjesta akaomba jambo moja tu, cheti kwanza. Baba yake akakubali, ila akasema wazi kwamba akifeli hakuna kurudia mwaka, ataolewa vivyo hivyo. Na chuoni pale hata ungetengeneza geti la ikulu, ukishindwa kuieleza kazi yako kwa mdomo mbele ya watahini, cheti hukioni.

"Swali la mwisho," alisema Damiano. "Kesho ukimwona mtahini wa nje, utazimia au utakimbia? Maana kashafika, nimembebea begi kutoka stendi. Mzee mmoja mrefu wa Isongole, fundi mstaafu. Anaitwa Mbonile."

Conjesta alishika bomba la jiko kwa mikono miwili.

"Mbonile yupi?"

"Mbonile Mbonile! Ana kovu shavuni. Kwani anakudai?"

"Ni baba yake Abrahamu."

Kwao Wandali mwanamke hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake, wala hasemi naye. Akimwona njiani anaingia porini mpaka apite. Tangu posa ipokelewe Conjesta alikuwa amekwisha kujificha mara mbili kwenye migomba, mara moja akiwa na ndoo ya maji kichwani.

"Si umtazame tu? Binadamu yule," alisema Damiano.

"Kwenu labda. Kwetu nitakuwa nimemvua nguo hadharani."

Jioni hiyo aliacha ugali mezani. Aliwaza kusingizia malaria, akawaza kumwambia mkuu wa chuo, akaogopa kuchekwa. Kila alipoirudia hotuba yake maneno yalimtoka vizuri, mpaka alipolikumbuka lile kovu, hapo ulimi ukamganda. Mila hiyo haikuwahi kumkataza kubeba kuni wala kuchimba mihogo. Ilikuja kumnyima sauti siku moja tu, ile aliyoihitaji.

Asubuhi aliitwa karakana. Watahini walikuwa wawili nyuma ya meza: Mwalimu Athuman, mwenyeji wa Kondoa asiyejua lolote la Ileje, na yule mzee. Conjesta alipoingia, mzee alimtambua. Akageuza kiti chake chote akautazama ukuta. Conjesta naye akageuka, akawapa mgongo.

"Vipi tena?" Mwalimu Athuman alishangaa. "Mtahiniwa, unaliambia jiko au unatuambia sisi?"

Alianza. Sauti ilitoka nyembamba. Alieleza faneli, akaeleza bomba. Alipofika kwenye wavu, mzee akauambia ukuta:

"Matundu ya hewa machache mno. Jiko hili litajaa moshi na kuzimika."

Conjesta alilijua jibu kama jina lake. Akalipangusa jiko lisilo na vumbi.

"Jibu, Conjesta," alisema Mwalimu Athuman, kalamu mkononi. "Usipojibu naandika sifuri."

Akaiona sifuri ile. Akayaona maisha yake yote yamefungiwa ndani yake.

"Si kweli!" alipiga kelele, akageuka. "Mwanzo niliyatoboa mengi, moto ukapanda ukashika pumba zilizoko juu, ukaniunguza mkono! Machache ndiyo yanayoubakiza moto chini!"

Macho yakagongana. Mzee Mbonile aliinuka kama aliyemwagiwa maji ya moto, akajifunika uso kwa kofia, akatoka nje mbio.

Basi, Conjesta aliwaza, nimekwisha. Nimemkaripia mkwe, na cheti kimekwenda.

"Amekwenda wapi huyu?" aliuliza Mwalimu Athuman.

"Niko huku!" Sauti ilitoka nje, chini ya dirisha. "Mwalimu, mwambie aendelee. Mwulize, pumba zikiwa na unyevu atafanyaje?"

"Umesikia swali?" aliuliza Mwalimu Athuman, ameduwaa.

"Mwambie... nitaongeza urefu wa bomba, livute zaidi. Na pumba nitazianika kwanza."

"Anasema..."

"Nimemsikia. Mwulize majivu anayatoa wapi."

Wakaendelea hivyo, swali kupitia dirishani, jibu kupitia kwa mwalimu, na kila jibu Conjesta alilitoa kwa woga uleule, akiwa amekaza macho kwenye mikono yake yenye makovu. Kisha maswali yakakoma.

"Mzee? Umemaliza?" aliuliza Mwalimu Athuman.

"Nimemaliza. Mimi nasogea nyuma ya jengo, mwambie apite mlangoni bila wasiwasi." Mzee akakohoa. "Na mwambie amefaulu."

Mwalimu Athuman akamgeukia. "Amesema—"

Conjesta alikuwa amekwisha kuketi sakafuni, amelikumbatia jiko lake.