Farasi Mia na Sabini Kwenye Mlima wa Iyula

Juzi nilisimama Vwawa kuweka mafuta, nikamkuta kijana mmoja amefungua boneti, anawahutubia wenzake kuhusu nguvu za farasi za injini yake. Akakanyaga mafuta gari likiwa limesimama, likapiga kelele, wenzake wakashangilia. Nilimdharau hapohapo, rafiki yangu, wala sioni aibu kusema. Watu wa namna hiyo nawajua tangu utoto wangu Iyula.

Babu alikuwa na pikapu kuukuu ya dizeli ya kubebea kahawa. Mwezi wa saba, baridi ikiuma na ua mzima ukinuka maganda ya kahawa yaliyochacha, sisi wajukuu tuligeuza kahawa kwenye vichanja, kisha tukapakia magunia na kudandia juu yake. Pikapu ilikwenda taratibu mno, hata mwenye baiskeli aliipita. Baba mdogo, mfanyabiashara wa Tunduma, aliicheka kila alipokuja na gari lake dogo jekundu. Nami, mjinga mdogo, nilicheka naye.

Ndipo bibi akaugua kifua. Asubuhi moja alishindwa hata kumeza uji, pumzi inakoroma, ikabidi akimbizwe hospitali Vwawa. Babu akaenda kuwasha pikapu.

"Baba, hilo kopo si mpaka kesho?" baba mdogo akasema. "Hapa kuna farasi mia na sabini!"

Kwetu mgonjwa hasindikizwi na mtu mmoja. Bibi akaingizwa kwenye gari jekundu, wakaingia na shangazi watatu wanene, sufuria, kuni, mkungu wa ndizi, kuku wawili, nami nikapakatwa. Babu aliona matairi yalivyobonyea, akasema shangazi na mizigo waje kwenye pikapu. Baba mdogo akajibu kuwa gari lake halichagui mzigo. Majivuno matupu!

Kwenye tambarare tuliruka kweli. Kisha ukaja mlima. Sasa nikwambie jambo ambalo yule kijana wa Vwawa halijui: kinacholing'oa gari lenye mzigo ni toki, ile nguvu ya kuzungusha magurudumu. Farasi ni kasi ya kuifanya kazi hiyo, na injini ile iliwapata farasi wake wote ikizunguka kama kichaa tu. Mlimani, mwendo ulipopungua, haikuwa na kitu. Ikazima. Baba mdogo akaiwasha, akakanyaga mpaka ikalia, klachi ikatoa moshi, tukarudi nyuma. Bibi amefumba macho, midomo imebadilika rangi, na yule bwana bado anabishana na shangazi nani ashuke.

Babu akatufikia, akatupita, akafunga mnyororo kutoka pikapu hadi gari letu. Akaweka gia ya kwanza, na dizeli ile, ambayo toki yake yote ilikuwa kwenye mwendo wa chini, ikatuvuta sote bila hata kubadilisha sauti. Alituvuta hivyo mpaka mlango wa hospitali.

Bibi alipona. Lakini hakuwa ameona kitu, na mpaka anazikwa aliwasimulia wageni jinsi gari jekundu la mwanawe lilivyomwokoa. Shangazi, waliouona ule mnyororo kwa macho yao, waliitikia kwa vichwa. Babu alikuwa anakaa palepale, anamenya kiazi.

Pikapu ilikuja kukatwa ikauzwa vyuma chakavu, babu naye hayupo, na hata vile vichanja vimeng'olewa. Kuna siku, bibi akisimulia, babu aliniangalia mimi, akangoja. Nilinyamaza. Baba mdogo alikuwa ameniahidi kunipeleka Tunduma.