Sifa Alizoficha Babu

Mmenikera kwa kutaka kisa cha yule fundi cherehani wa mtaa wa Mayfair, hapa Joburg, utadhani kinachekesha. Haya, shikeni.

Nilikuwa dukani kwake nangoja gauni langu. Mjukuu wake wa kike, mchezaji wa kati wa mpira wa magongo shuleni, akaingia mbio: "Babu, nimefunga mara tatu!"

Mzee hakuinua hata macho. "Nairobi nimecheza na wakali. Wewe kwao ungeokota mipira tu."

Kila wiki hivyo hivyo. Binti alipotoka nikamuuliza, "Mzee, mbona unamponda mtoto?"

Akaninong'oneza, "Dada yangu, anawapita wote wale. Nikimsifu mbele ya watu, kijicho kitamvunja mguu."

Hofu hiyo hata mimi nimelelewa nayo. Lakini binti kazaliwa hapa hapa Joburg. Kijicho hakijui, dharau anaijua. Siku moja akalaza gongo juu ya cherehani. "Basi, Babu. Wape wakali wako."

Hakucheza tena. Jezi ilibidi mzee airudishe mwenyewe shuleni. Mwalimu akamshika mkono, akamsifia mjukuu wake saa nzima, na mzee akazisikiliza sifa zote, amesimama.