Elfu Kumi Juu ya Wanda Mmoja

Bi Mwanaidi Mhina alisuka mikeka tangu hajavunja ungo, na hakuwahi kununua kipimo. Vipimo vyake alitembea navyo mwilini. Upana wa kidole kimoja ulikuwa wanda. Akitanua kiganja, toka kidole gumba mpaka kidole cha mwisho, hiyo ilikuwa shibiri. Toka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, huo ulikuwa mkono. Aliyeagiza mkeka wa mikono minne alipewa minne ya Mwanaidi, na kwa kuwa alikuwa mrefu kama mlonge, wateja hawakumkimbia.

Kijiji cha ujamaa kilipoanzishwa upande wa Kwedizinga, alihamia pamoja na majirani zake, akiwa mjane mwenye wajukuu. Mwaka wa sabini na moja likafunguliwa darasa la watu wazima. Mwalimu alikuwa msichana aitwaye Grasiana, aliyezaliwa kwenye kambi ya wakata mkonge kule Ngombezi. Siku ya kwanza aliinua rula ndefu ya mbao mbele ya darasa.

"Hii ni mita."

"Mita ni mkono wa nani?" akauliza Bi Mwanaidi.

"Si wa mtu, mama. Ni ya wote."

"Kipimo kisicho na mwenyewe! Kikinidhulumu nitamlalamikia nani?"

Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu naye akacheka. Kisha akamwita Rehani, jirani yake Bi Mwanaidi, mwanamume mfupi wa mabega mapana, akawaambia wote wawili wapime ubao wa darasa kwa mikono yao. Wa Bi Mwanaidi ulitoka mikono minne. Wa Rehani ulitoka minne na nusu.

"Ubao umerefuka ulipomwona Rehani?" akauliza Grasiana.

Bi Mwanaidi aliutazama mkono wake, akautazama wa Rehani, akarudi kukaa. Lakini kipindi kilichofuata alikuja na ukanda wa ukili alioukata sawasawa na ile rula. Ukingo mmoja alikuwa ametia nyuzi nyeusi kila sentimita, na ukingo wa pili kila wanda wake. Mita moja, akatangaza, ni mikono yake miwili na nyanda nne juu. Na wanda wake mmoja ni sentimita mbili kamili, "kana kwamba waliotengeneza rula walinishika kidole." Grasiana aliutundika ukanda ule ukutani, na tangu hapo akifundisha sentimita aliutumia huo.

Masika yalipokwisha, homa ikashika kijiji. Akatumwa mganga msaidizi kutoka Korogwe, kijana wa Bungu aitwaye Simeo, akiwa na darubini ndani ya sanduku la mbao. Alitaka kila mtu atoe tone la damu apimwe malaria. Watu wakakaa mbali. Wengine walinong'ona habari za mumiani, kwamba damu ile inakwenda kuuzwa. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mbaruku, akaja na sauti ya amri.

"Kila mtu atatoa!"

"Shikamoo mwenyekiti," akasema Bi Mwanaidi. "Wewe umeshatoa?"

Mzee Mbaruku akaitikia marahaba, kisha akakumbuka ana shughuli shambani.

Simeo hakukasirika. Akasema, "Ninatafuta vidudu, mama. Vimo ndani ya damu, macho matupu hayavioni."

"Vikubwa kiasi gani?"

"Kama mikroni mbili."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Chukua milimita moja, uigawe vipande elfu moja. Kipande kimoja ndicho mikroni."

Watu wakaguna. Bi Mwanaidi hakuguna. Aliinuka, akawaongoza wote mpaka darasani, akamwita Grasiana na kuweka kidole chake kwenye ule ukanda wa ukili.

"Mwalimu, tuteremke. Wanda wangu ni sentimita mbili."

"Ambazo ni milimita ishirini," akasema Grasiana, akiandika.

"Na kila milimita ina mikroni elfu. Basi wanda wangu ni elfu ishirini."

"Kidudu ni mikroni mbili," akakumbusha Simeo.

Bi Mwanaidi alifumba macho, midomo ikicheza. Chaki ya Grasiana na sauti ya Bi Mwanaidi vikafikia jibu pamoja. "Elfu kumi! Vikilala kwa mstari, elfu kumi juu ya kidole changu kimoja!" Akakigeuza kidole huku na huku, kama anayetafuta mahali vinapolala. "Haya, nitoboe. Nataka kuviona."

Simeo alitoa tone, akalipaka kwenye kioo, akalitia dawa ya rangi. Rangi ilipokauka akageuza kioo kidogo cha chini ya darubini mpaka kikashika jua. Aliangalia kwa muda, kisha akampisha. Bi Mwanaidi akainama, akaziona chembe za damu zimejaa kama dengu zilizomwagwa, na ndani ya baadhi yake vipete vidogo vyenye kijiwe kimoja.

"Wamevaa pete," akasema taratibu. "Hii ni damu ya nani?"

"Yako, mama."

Alishtuka, akashika kifua. Kumbe ule uchovu aliouita uzee ulikuwa na wenyewe! Kisha kicheko kikampanda mpaka machozi. "Wamenivalia pete bila mahari! Nipe dawa niwape talaka."

Alipewa vidonge vya klorokwini, akavimeza hapo hapo, akakunja uso kwa uchungu wake. Watu wakapanga mstari kutazama wageni wa Bi Mwanaidi, na kila aliyetazama alinyoosha kidole chake mwenyewe kitobolewe. Mzee Mbaruku alirudi toka shambani akajiunga nyuma. Kwa juma zima vidonge vilimtia Bi Mwanaidi mwasho wa kujikuna mgongo kwenye nguzo ya nyumba, lakini uchovu ulimtoka, akarudi kusuka mikeka mirefu kuliko ya zamani.

Simeo alirudi mwaka uliofuata na sindano za chanjo ya ndui. Bi Mwanaidi, ambaye sasa alimsaidia Grasiana kufundisha hesabu, alikuwa anamngojea barabarani.

"Na huyu wa ndui ana mikroni ngapi?"

"Huyo hata darubini yangu haimwoni, mama. Ni kama robo ya mikroni."

"Robo!" Akakitazama kidole chake kwa heshima mpya. "Basi ni elfu themanini." Akapandisha mkono wa gauni mpaka begani, akawapigia kelele wenzake waje upesi.