Jina Lililoitwa Mara Moja

Jumatatu moja ya joto sijaisahau, mwanangu. Mvua za kwanza zilikuwa bado, nami nilikuwa muuguzi mchanga katika kituo kimoja cha afya huku Kampemba. Nakusimulia kwa sababu juzi umeanza kazi katika ofisi ya afya ya mji, na kesho utaandika amri zitakazowafikia watu usiowajua.

Wakati ule ililetwa amri ya kupunguza foleni. Mgonjwa aitwe mara moja tu, asiyeitika arudi wiki ijayo. Dawa za presha achukue mgonjwa mwenyewe, si jamaa yake. Niliipenda amri ile. Kabla ya saa sita ukumbi ulikuwa mweupe, nami nikajiona hodari. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi nilikuwa na magoti mazima na masikio mazima.

Siku hiyo niliita jina la Mama Kapinga. Alikuwa mjane, mwalimu wa zamani, mtoto wa watu waliotoka Kasai, na kila mwezi alikuja kwa miguu kutoka Bel-Air. Alikuwa ameketi mbele yangu kabisa, lakini hakusikia. Nikalikata jina. Baadaye alipokuja dirishani, akaniambia vidonge vilikwisha tangu Ijumaa. Nilimjibu kwamba amri si yangu. Alikunja kadi yake, akatoka juani.

Hapo akainuka Mzee Ramazani, fundi cherehani, mtu wa Maniema, aliyekuwa akingoja zamu yake. Hakupaza sauti.

"Mutoto yangu, sheria yako iko muzuri," alisema. "Sasa bantu benye ilitungwa juu yabo, beko wapi?"

Nikautazama ukumbi, nikiwatafuta watu ambao amri ilitungwa kwa ajili yao. Wazee waliokuja asubuhi, karibu wote walikuwa wamekwisha kurudi mikono mitupu. Nilikuwa nikijisifu kwa foleni fupi, kumbe nilikuwa nimewafukuza wagonjwa.

Nilitoka mbio. Nilimkuta Mama Kapinga kwenye kona ya barabara, ameegemea ukuta, amefumba macho, na muuza makala, yale makaa ya kupikia, akimlowesha kichwa kwa maji. Tulimpakia kwenye baiskeli ya makala, yule bwana akiisukuma, mimi nikimshika mama kiunoni, tukamrudisha. Presha ilikuwa imepanda vibaya. Muuguzi mkuu alimpa dawa bila kuuliza juu ya amri yoyote, nami nikakaa kando ya kitanda, nikiomba.

Jua lilipopoa akafumbua macho, akaniuliza nilimwita mara ngapi. Nikasema mara moja.

"Ku masomo," akasema, "mutoto mwenye hasikii, tulikuwa tunamuita tena."

Nililia, mwanangu, kwa aibu, lakini zaidi kwa furaha kwamba alikuwa hai akinikemea.

Muuguzi mkuu aliyapeleka maneno hayo mjini, na Mzee Ramazani akaandamana naye. Walikwenda mara nyingi, maana ofisi haina haraka. Mwishowe amri ilibadilishwa: wazee wafuatwe walipoketi, dawa wapewe za miezi miwili, na asiyeweza kutembea achukuliwe dawa na jamaa yake. Mama Kapinga aliishi miaka mingi baada ya hapo. Leo mimi ndiye mzee, na binti yangu ndiye anayenichukulia dawa. Siku za mvua nalala bila wasiwasi. Hujafa hujaumbika.

Basi shika hili. Kabla hujatia sahihi amri yoyote, nenda ukaketi kwenye benchi na wale itakaowagusa, tangu asubuhi hadi waitwe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na ukikosea, usione haya kumfuata mtu barabarani ukamrudisha.

Nenda, mwanangu. Mungu akuongoze mkono unapoandika, akufikishe kwenye mvi, na huko ukutane na vijana watakaokuita kwa subira.