Kisu cha Baba na Mkono wa Sospeter

Mfuko wa koti la baba ulikuwa na harufu yake. Tumbaku, mafuta ya cherehani, na chuma kilicholala na jasho. Tukitoka kanisani Jumapili, mvua za kwanza zikiwa zimeshalainisha njia ya Kwihara, nilikuwa natembea ubavuni kwake mkono wangu ukiwa mle mfukoni, na vidole vyangu vinakikuta kisu cha kukunja kimetulia, kina joto kama kiazi kilichotolewa jivuni. Mpini wake ulikuwa wa mpingo, umekazwa kwa misumari midogo ya shaba, nao ulikuwa umelainika kwa kushikwa. Kwa kisu hicho baba alikata kamba za magome za kufungia tumbaku, alitutoa miiba, alitumenyea miwa, alikata vitovu vya ndama. Kila Jumamosi jioni alikifuta, akakidondoshea mafuta kwenye kiungo, akakifungua na kukifunga huku anasikiliza, na sisi tukinyamaza naye tusikilize.

Nilikuwepo siku alipokinunua, mjini Tabora, kwenye duka la Mhindi mmoja tuliyemwita Bwana Fazali. Mimi na kaka yangu Sospeter tulikuwa tumekaa kwenye magunia ya chumvi tunanusa bizari. Baba alimwagiwa visu juu ya meza, akawa anavichukua kimoja kimoja. Anafungua, anashika ncha, anatikisa kuona kama kinacheza. Anafunga, anakiinua kwenye mwanga wa mlango aone kama ubapa umekaa katikati ya mpini au umeegemea upande. Anakikandamiza kwa mgongo juu ya meza, polepole, aone kama springi itamsaliti. Vile vinavyong'aa alivisukuma pembeni kwanza.

"Baba Sospeter," Bwana Fazali akamwambia, "wewe nachagua kisu ama nachagua mke?"

"Mke nilichagua upesi, Bwana Fazali. Ndiyo maana leo nimejifunza."

Wakacheka wote wawili mpaka mke wa Bwana Fazali akachungulia kutoka ndani. Baba akamgeukia kaka yangu, akamwambia kisu cha kutembea nacho kisiwe kizito cha kukuchania mfuko, wala kirefu cha kutisha watu, ila kikishafunguka kiwe kama hakijawahi kukunjwa. Sospeter aliyashika maneno hayo kuliko somo lolote. Mimi shule niliishia la nne, lakini hilo la kuchagua kisu nililielewa vizuri.

Kulikuwa na jambo moja pale nyumbani ambalo halikuvunjwa. Kisu hakikutoka mkononi kikaingia mkononi. Unakiweka chini, mwenzako anakiokota mwenyewe, ndipo hamtagombana. Hata mama akiwa na unga viganjani, baba alikiweka juu ya kinu, mama akanawa, akakichukua.

Mwaka mmoja, mvua zikiwa zimekolea na majirani wameanza kulima, baba alilazwa hospitali ya Kitete kupasuliwa ngiri. Kabla hajapanda baiskeli ya kupelekwa, alikiweka kisu juu ya kigoda, na Sospeter akakiokota. Basi mdogo wake baba akaja kutusaidia kulima. Huyo ni Lameki. Namtaja kwa jina lake, maana nyumbani kwetu watu wamekuwa wakisema "ile ajali" miaka yote, kama vile ilianguka kutoka mbinguni.

Lameki alikuwa mcheshi, nisimpunje. Alijua kuiga sauti ya mchungaji na ya fisi, na tulimpenda. Lakini alipenda kuonekana. Akaona kisu cha baba kwa Sospeter, akasema mtoto anatembeaje na kitu cha watu wazima. Akakichukua palepale, kutoka kiganjani kwa Sospeter. Mama alikuwa anapepeta mchele, akasimama.

"Shemeji, si ungekiacha akiweke chini kwanza?"

"Shemeji nawe, mambo ya wazee hayo. Kisu kitaniuma?"

Jumamosi akaenda nacho Urambo mnadani. Akarudi na kisu kingine, chekundu, mpini wa plastiki, kimejaa vikorokoro: kijiko, uma, kimkasi, kizibuo. Alikuwa amebadilishana na mchuuzi mmoja, na juu yake akaongezewa kofia. Kofia aliivaa, kisu akampa Sospeter. Watoto wa jirani walikuja kukitazama. Sospeter alikifungua, akashika ncha, akakitikisa. Nikamwona uso umebadilika, maana ubapa ulikuwa unacheza kama jino bovu. "Ahsante, baba mdogo," akasema. Angesema nini? Kwetu mtoto akipewa na mkubwa, anapokea kwa mikono miwili.

Asubuhi tuliyoanza kulima kulikuwa na ukungu, ardhi inanukia, na ndege weupe wanafuata plau. Mimi ndiye niliyeshika kamba mbele ya maksai. Mmoja alikuwa mgeni wa kazi, anarusha kichwa. Baba alikuwa ametufundisha kamba hiyo ishikwe tu kiganjani, ng'ombe akikushinda umwachie aende. Lameki akaona naachia mara kwa mara, akaja akanizungushia kamba kwenye kifundo cha mkono na kufunga fundo. "Sasa hutanipotezea ng'ombe, shangazi," akanitania, kana kwamba mimi ndiye mkubwa wake. Mimi nikacheka. Nililima hivyo nikiwa nimefungwa, najiona mkubwa.

Likapita lori la tumbaku barabarani, likapiga honi. Yule maksai mgeni akavunja nira, akaondoka na mimi. Ninachokumbuka ni matuta kunipiga kifuani, tope mdomoni, na mbele yetu ua wa minyaa na korongo nyuma yake. Nikasikia Sospeter anakuja mbio. Akaidaka kamba, akaburutwa pamoja nami, akafungua kile kisu chekundu na kuanza kukata. Kikamkunjikia vidoleni. Hakukiachia. Aliushika ubapa wenyewe kwa kiganja, kama mtu anavyoshika kipande cha wembe, akakereza kamba mpaka ikakatika. Tulibaki tumelala pale karibu na minyaa, na nyuma yetu Lameki, mikono bado imeshika plau, anapiga kelele, "Mshikeni ng'ombe! Mshikeni ng'ombe!"

Baba alituona Kitete, mimi kifundo kimevimba, Sospeter mkono umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko. Aliuliza swali moja: "Kisu changu kiko wapi?" Lameki akasema kimepotea shambani. Sospeter akaangalia sakafu. Mkono ulipona, lakini vidole viwili havikukunjuka tena. Alikuwa ameshakubaliwa kwa fundi seremala mjini, mtu wa mbao za mninga, aanze baada ya mavuno. Fundi alimpa randa aishike, akaitazama ile mikono, akamwambia arudi tu nyumbani. Leo Sospeter ni mlinzi wa ghala la tumbaku Urambo.

Siku hizi visu vinaning'inia kwenye nailoni stendi, vyekundu na vya bluu, na vijana wanachagua kwa rangi huku wanaangalia simu. Mjukuu wangu akitaka kufungua pakiti anatumia meno. Nikiingia dukani nikaomba visu nivitikise, muuzaji ananiuliza, "Mama, unaenda vitani?" Nami natembea na changu, kidogo, springi ngumu, kwenye mfuko nilioushona ndani ya gauni. Natamani zile Jumamosi za mafuta ya cherehani mpaka naumwa, na sijui kama nalilia kisu, au baba, au kaka yangu alivyokuwa akikimbia shambani mikono yote miwili mizima.

Krismasi iliyopita tulikula kwa Sospeter. Lameki naye aliletwa, mzee, meno hana, haoni vizuri, bado anaiga sauti ya fisi na watoto wanacheka. Hajawahi kusema neno juu ya siku ile. Akapewa nyama ya mbuzi, akaigeuzageuza mdomoni, akairudisha kwenye sahani. Sospeter akavuta ile sahani kwake, akaikandamiza nyama kwa vile vidole vyake vilivyokauka, akaanza kuihangaikia kwa kisu cha jikoni kisicho na makali.

"Mdogo wangu," akaniambia, "si huwa una kisu? Nisaidie, mzee ana njaa."

Nilimjibu nimekisahau nyumbani. Kilikuwa pajani pangu, nakihisi kabisa. Sospeter alinitazama, akajua, akaendelea kukata.