Tatu Juu

Njuguna hakujua kuwa vidole vyake ni vya gia moja mpaka kanisa lao la Kabazi lilipoletewa piano ya mbao, mtumba, nzito kama ng'ombe aliyekataa kuamka.

"Mzee, hii haina kile kitufe chako," Chesang, kiongozi wa kwaya, alimwambia akicheka. "Dereva wa gia moja! Jumapili utapandaje mlima?"

Kitufe hicho ni siri ya wapiga vinanda wengi. Mtu hupiga ki ya C pekee, ile ngazi ya sauti ya vibao vyeupe, kisha hubonyeza kitufe ili kinanda cha umeme kipandishe sauti hadi pale alipo mwimbaji. Kwa Njuguna, mwimbaji alikuwa mkewe, Tabby. Sauti ya Tabby ilikaa hatua tatu juu ya C, kwenye E flat, na ni yeye aliyebandika karatasi kando ya kitufe: +3. Ulikuwa mwaka wa pili sasa tangu wamzike kando ya ua wa kayaba.

Zilibaki siku sita. Kazi ya Njuguna ya kupima maziwa kwenye kituo cha wakulima huisha saa nne asubuhi. Alirudi, akala viazi vya jana vikiwa baridi, akaketi kwenye kinanda chake cha umeme. Kwenye simu yake alikuwa amepakua midundo ya mazoezi: ngoma, besi na gitaa, nafasi ya kinanda ikiachwa wazi. Hapo ndipo mwanafunzi hupiga apejio zake, do, mi, so, do, noti moja moja kama mtu anayepanda ngazi.

Alianza na mdundo wa C, apashe vidole moto. Do ya kwanza ikalia kama lango lenye kutu. Akarudia, ikazidi. Alilaumu simu, akalaumu spika, kisha akatazama kioo cha kinanda. +3. Mkono ulikuwa umebonyeza wenyewe, mara tatu, kama mtu avuavyo kofia mlangoni mwa kanisa.

Akakirudisha sifuri. Ilimchukua muda kuanza tena.

E flat sasa aliifuata kwa vidole: cheusi, cheupe, cheusi. Kidole gumba, kilichozoea kutangulia, kilipaswa kupita chini ya wenzake, nacho kilikataa. Wapigaji wa kwenye simu hawakumngoja. Akikosea walisonga mbele. "Pole, turudi," alisema mara moja, kisha akaona haya. Tabby angeshika kiuno: "We mzee, umenipoteza wapi?"

Kufikia Ijumaa alipanda na kushuka mara kumi bila kukosea.

Jumamosi kwenye mazoezi aliketi kwenye piano, akafungua wimbo kwa E flat safi. Kwaya haikuingia. Chesang alitazama sakafu.

"Mzee Njuguna, tulitaka kukuomba. Tushuke. Tuimbe kwa C."

"C? Lakini wimbo uko hapa."

"Hapo ni pa Tabby. Sisi panatukwaruza koo. Mwaka wa pili huu."

"Na mbona hamkusema?"

"Nani angekuambia utoe mkono kwenye hicho kitufe?"

Mwimbaji wa besi akakohoa. Njuguna alihamisha mikono. Vidole vilijua njia, vikaenda vyenyewe, na kwaya nzima ikaimba, hata wale waliokuwa wakichezesha midomo tu. Ilipendeza. Hakuweza kukataa kwamba ilipendeza.

"Kumbe gia moja inatosha!" Chesang alimpiga bega. Kiti cha Njuguna kwenye piano kilikuwa salama.

Alifika nyumbani jua likiwa bado juu. Aliwasha kinanda, akaushika mkono wa kulia kabla haujafika kwenye kitufe, akaweka mdundo wa E flat. Cheusi, cheupe, cheusi. Mizunguko minne ya utangulizi ikaisha, ikafika pale Tabby alipokuwa akiingia. Njuguna alipunguza sauti kumpisha. Ngoma, besi na gitaa zikapita.